Usimuite mtoro: niliyoyaona kwenye mashine ya mionzi na huku Dodoma

Nianze na hili maana linanichosha. Kila nikijitambulisha kwenye msiba au kicheni pati kwamba nafanya kazi ya mionzi hospitali, mtu anadakia, ahaa kumbe we ndo wale wa eksirei. Hapana jamani. Wa eksirei wanapiga picha kuangalia tatizo liko wapi, sisi wa tiba tunatumia mionzi yenye nguvu kubwa zaidi ya hiyo kuua seli za saratani, mashine ni nyingine, chumba ni kingine chenye kuta nene za zege, na hata kozi chuoni ni nyingine. Wagonjwa wenyewe wananiita dokta, nikisema mi siyo daktari wananiita nesi, nikikataa na hilo kuna mzee mmoja wa Bahi akanijibu basi we fundi, na kusema ukweli fundi ndo limekaa karibu kuliko yote.

Kazi ikoje: daktari bingwa wa saratani anaamua mgonjwa apewe dozi kiasi gani na sehemu gani, mwanafizikia tiba anapiga mahesabu miale ipite upande upi ili isiharibu vya jirani, alafu sisi ndo tunabaki na mgonjwa kila siku. Tunamlaza kwa kufuata vidoti tulivyomuwekea mwilini na mistari ya laza inayotoka ukutani, tunatoka nje, mlango unafungwa, tunawasha, tunamwangalia kwenye kamera. Mionzi yenyewe ni dakika chache tu, muda mwingi unaliwa na kumpanga akae pale pale alipokaa jana. Na ukishakuwa siniya, yaani mkubwa kazini, kama mimi unagundua mashine ndo sehemu rahisi ya kazi. Rota, foleni, ndugu wa mgonjwa, kijana mpya anayetetemeka, simu za wakubwa, hayo ndo yanakutoa jasho.

Mi ni wa huku huku, nimekulia Kongwa, nikasomea Dar na nikafanya kazi Dar miaka mingi tu, kwanza kwenye kobalti baadae kwenye linaki, ni aina mbili za mashine za mionzi, nitazieleza mbele. Sasa hivi niko Dodoma kwenye kitengo cha saratani cha hospitali moja, kazi yangu kubwa ni kuwaandaa wagonjwa wanaopelekwa kwenye mionzi kule Dar, kuwapokea wakirudi na kufundisha vijana. Kwahiyo safari ya huyu mgonjwa nimeiona kutokea huku anakoanzia na kule anakofikia, na naandika kwasababu watu wa pande hizi mbili hawajuani kabisa. Kule kwenye mashine mgonjwa asipotokea siku tatu tunaandika hakuja, na kwenye maongezi anaitwa mtoro. Huku Dodoma namkuta huyo mtoro amekaa kwenye benchi ananisubiri, ana sababu zake kamili, na ukizisikiliza unaona hata wewe ungekimbia.

Ngoja kwanza nieleze kwanini siku moja tu inatuuma hivo, maana hata ndugu wengi hawajui. Chukua saratani ya shingo ya kizazi ambayo kwetu Tanzania ndo inaongoza kwa kina mama. Mara nyingi anapangiwa mionzi ya nje mara 25 hivi, Jumatatu mpaka Ijumaa, kila siku grei 1.8 au 2 (grei ndo kipimo cha dozi ya mionzi), zikijumlishwa ni 45 mpaka 50. Afu inafuata mionzi ya ndani, ile anayowekewa kifaa mpaka kwenye mlango wa kizazi kinaangaza kwa karibu kabisa. Vyote hivyo vinatakiwa viwe vimeisha ndani ya wiki 8, yaani siku 56 tangu siku ya kwanza. Mionzi haiui seli zote kwa mkupuo, inapunguza kidogo kidogo, na zile zinazobaki baada ya wiki tatu nne zinaanza kuzaliana kwa kasi kufidia wenzao, ukimpa mgonjwa likizo umeupa na uvimbe likizo. Tafiti za saratani hii zinaonyesha kila siku inayozidi pale inakula kati ya nusu asilimia na asilimia 1 ya uwezekano wa kuudhibiti ugonjwa. Ukisikia asilimia moja unaona ni kitu kidogo, haya mtu akienda kwenye msiba akakaa arobaini yote ndo arudi, piga hesabu mwenyewe.

Sasa msidhani ni wagonjwa tu wanaokosa siku. Mashine nazo zinakosa, na hapo ndo siniya anajulikana kama ni siniya kweli au ni jina tu kwenye barua ya kupandishwa cheo.

Kobalti ni mashine mvumilivu, ndani ina chanzo cha mionzi ambacho kinatoa muda wote, ni kufunua na kufunika tu. Shida yake inachoka yenyewe, kila miaka mitano na miezi mitatu hivi nguvu inabaki nusu, kwahiyo mgonjwa uliyekuwa unamuwashia dakika moja na nusu chanzo kikiwa kipya baadae unamuwashia tatu, na foleni inarefuka hivo hivo bila mtu yeyote kufanya kosa. Linaki yenyewe inatengeneza mionzi kwa umeme, ukizima hakuna mionzi humo ndani, inalenga vizuri zaidi na inalinda kibofu na utumbo vizuri zaidi, ila ni mashine ya kudeka, umeme ukicheza inagoma, maji ya kupoozea yakipata joto inagoma, na kifaa kikifa kuna vingine haviuzwi dukani Kariakoo, vinaagizwa nje.

Ikitokea imesimama Jumatano saa nne asubuhi na korido imejaa, kosa kubwa ninaloliona watu wanalifanya ni kusema kesho itakuwa tayari wakati hawajui. Mi niliowakuta kazini walinifundisha kitu kimoja nikakishika: toka nje, simama katikati yao, shikamooni wazee wangu, mashine imesimama, fundi anaangalia, saa sita nitarudi hapa niwaambie tena hata kama sina jipya. Na saa sita urudi kweli. Watu wa kwetu ni wavumilivu mno, wanachoshindwa kuvumilia ni kuachwa kwenye benchi hawajui kinachoendelea, wanaanza kuambiana kwamba wenye hela wameingizwa mlango wa nyuma.

Mashine ikipona ndo balaa linaanza, maana una wagonjwa wa siku tatu na saa za siku moja. Nani aanze? Hapa hakuna cha aliyewahi kufika. Wa shingo ya kizazi, wa koo na kichwa, wale wanaotibiwa ili wapone kabisa na ambao uvimbe wao unakua haraka, hao siku zao lazima zifidiwe, kama ni kufungua Jumamosi au kumpa mara mbili kwa siku moja, lakini hapo katikati lazima zipite saa sita au zaidi ili nyama zisizo na ugonjwa zipumue, na hiyo siyo maamuzi yako peke yako, daktari na mwanafizikia lazima wasaini. Wa tezi dume wengi wanaweza kusogezwa siku mbili wasidhurike sana. Wa maumivu ya mfupa mara nyingi ni dozi moja tu ya grei 8, siku moja imeisha, huyu hadhuriki kwa hesabu ya uvimbe lakini analia usiku kucha kwahiyo na yeye usimweke mwisho kila siku kisa hesabu haimdai.

Vigezo hivyo viandikwe kwenye karatasi na kubandikwa kabla mashine haijaharibika. Narudia, kabla. Ikishaharibika simu zinaanza, kuna mheshimiwa ana shangazi yake, kuna bosi ana mama mkwe, na kila mmoja anaongea kwa upole kabisa, naomba unisaidie mdogo wangu. Ukiwa na karatasi yenye saini ya daktari kiongozi unasema shikamoo mheshimiwa, shangazi ni wa nane kwa mujibu wa orodha, nitamwangalia mwenyewe. Usipokuwa na karatasi unabaki na uso wako tu, na uso hautoshi.

Haya ndo ya kule, njooni Dodoma.

Nilipohamia huku nilikuwa nikimuandaa mgonjwa namuuliza yale ya kwenye fomu, vipimo vipo, nauli ipo, utafikia kwa nani Dar. Anajibu vyote vipo, anaenda, wiki ya tatu naambiwa karudi kijijini. Nikaanza kuwafuatilia kwa simu mmoja mmoja. Dodoma mvua ni za msimu mmoja, zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba zikikata Aprili zimekata, na ukichelewa kupanda uwele na mtama wako hakuna msimu mwingine wa kujitetea. Mama mmoja wa upande wa Mpwapwa alikuwa anaendelea vizuri kabisa, akasikia mvua ya kwanza imenyesha kwao, kesho yake yuko kwenye basi. Nikamuuliza mama vipi umekatisha, akaniambia mwanangu huo ugonjwa unaniua taratibu, njaa itatuua wote mwakani. We utamjibu nini? Mi sikuwa na jibu, ila swali langu la kwanza nikalibadilisha. Siku hizi kabla ya nauli nauliza shamba nani atalima, mbuzi nani atachunga, watoto nani atawapikia. Na simuulizi peke yake, namwambia aje na kaka yake au mjomba au mwanaume yeyote anayesikilizwa kwenye ule ukoo, nawaweka wote kwenye viti nawaambia huyu hatakuwepo wiki nane, akirudi katikati ni kama mmemwaga hela, nani anachukua jembe lake. Mara nyingi wanaelewana pale pale mbele yangu, maana wakishatajana mbele ya mtu wa nje ni aibu kukataa. Kwa kipimo changu hiki kikao cha nusu saa kimefanya kazi kuliko vipeperushi vyote tulivyowahi kugawa.

Kuna watu watasema si asubiri tu msimu upite. Hapana. Saratani haijui msimu, kusubiri miezi minne mitano ni kubadilisha ugonjwa wa kupona kuwa ugonjwa wa kutulizwa maumivu. Tafuteni wa kulima.

Usafiri nao una mambo yake. Dodoma mpaka Dar ni kama kilomita 450, kwa basi zamani mama mwenye uvimbe unaotoa damu alikuwa anakaa siku nzima kwenye siti, na ili asisumbuke kuomba basi lisimame anaacha kunywa maji tangu jana yake. Treni ya umeme ya SGR ilipoanza kufika Dodoma 2024 imetuokoa kwakweli, saa chache umefika, ndani kuna choo, mgonjwa anashuka akiwa mtu. Ila imeleta tabia mpya, Ijumaa akishapata mionzi anapanda treni anakuja kuangalia nyumbani, Jumapili tiketi zimejaa, Jumatatu hayupo. Simlaumu, nawaambia tu ukija wikiendi njoo na tiketi ya kurudi mkononi, la sivyo kaa huko huko. Wenzangu wa upande wa Singida wengine wanapelekwa Mwanza, hiyo ni hadithi nyingine na basi lake.

Hilo la maji ngoja nilisemee zaidi maana ndo linaharibu tiba kimya kimya. Mionzi ya nyonga tunataka kibofu kimejaa, kikijaa kinasukuma utumbo juu na kutoka njiani, usiunguzwe. Mgonjwa anatakiwa akojoe, anywe kama nusu lita, asubiri nusu saa mpaka dakika 45, aingie, na iwe hivo hivo kila siku maana mpango ulichorwa kibofu kikiwa hivo. Sasa mtu aliyekulia sehemu ambayo maji ni ya kufuata na punda, umwambie akanywe nusu lita kwa mpigo, na maji yenyewe ya baridi, anaona unamtesa. Nawafundisha huku huku, nampa chupa ya nusu lita aanze kuzoea nyumbani wiki nzima kabla hajasafiri, anywe aangalie saa. Wanacheka lakini wanafanya.

Afu inakuja Ramadhani. Wagonjwa wetu wengi wa Kondoa ni Waislamu na kuna mabibi wale ambao hawajawahi kuacha kufunga tangu wavunje ungo. Ukimwambia bibi kunywa maji anatikisa kichwa, anakuangalia kama umemtukana. Kijana mmoja tuliyekuwa naye alikuwa anabishana nao, mimi nikamwambia acha, hayo siyo ya kwako. Tulimpigia sheikh mmoja tukamuweka spika, akaongea na bibi kwa upole, mgonjwa ana ruhusa, atalipa akipona na asipoweza kulipa kuna fidia ya kulisha maskini. Dakika tano tu, bibi akanywa. Sasa hivi kila mwaka kabla ya mwezi kuandama naongea na mashekhe na wao wanaongea na wagonjwa wenyewe, mi natoa tu ratiba.

Lugha. Watu wa mjini wanadhani kila Mtanzania anaelewa Kiswahili cha hospitali. Nenda Chemba huko Kwamtoro ukutane na bibi wa Kisandawe, au Mgogo wa ndani kabisa huko, anaitikia ndiyo ndiyo kila unachosema kwa heshima tu. Mi Kigogo nakijua, nikimpokea mtu na salamu yetu ya mbukwenyi unaona bega linashuka, lakini Kisandawe sijui hata salamu. Anakuja na mtoto wake wa kiume ndo mkalimani, na sisi tunaongelea uke wa mama yake. Mama hatosema ukweli hapo na mtoto hatotafsiri ukweli. Tafuta mwanamke, binti, mkwe, hata mhudumu wa usafi anayejua ile lugha, nimeshamuomba mama wa usafi mara nyingi tu na amefanya vizuri kuliko sisi wenye vyeti.

Na mfundishe kila kitu kabla hajaingia kule ndani. Mlango ukishafungwa tunaongea nae kwa spika, na kuna bibi mmoja kule Dar, kijana wangu akabonyeza kitufe akasema bibi shikamoo tunaanza usitikisike, bibi akasikia salamu, akainuka kabisa akakaa aitikie marahaba huku anamtafuta aliyemsalimia. Kwa bahati tulikuwa hatujawasha. Tangu hapo mafundisho yangu ndo hayo, ukilala pale ukisikia sauti ni yangu, usiitikie, usigeuke, tutasalimiana ukitoka.

Vile vidoti na mistari pia ni habari. Kidoti cha tatoo ni kidogo mno, sindano na wino, lakini kuna wasiotaka kabisa, wengine kwa dini, wengine wanaogopa kwamba ni alama ya kitu fulani. Silazimishi, tunachora kwa wino na kufunika na plasta nyepesi inayoonyesha, ila inabidi aoge kwa kumwagia maji taratibu asisugue. Ngozi ya sehemu ile inakuwa nyeusi, inawasha, inaweza kuchubuka, na hapo kila jirani ana dawa yake: majivu, mafuta ya nazi, shabu, dawa ya meno. Maji ya kawaida, kanga ya pamba isiyobana, na kile atakachopewa hospitali, basi. Kuhusu mganga, nilishaacha kumtukana mganga wa mtu. Ukimtukana anaendelea kwenda ila hakuambii. Namwambia mzee, dawa yake ya kupaka isubiri mpaka tumalize, ya kunywa niletee daktari aione, kuna zinazoumiza figo na figo zako tunazihitaji maana kuna dripu ya dawa ya saratani ya kila wiki inayokwenda pamoja na mionzi. Hapo anakwambia ukweli wote, hata bei aliyotozwa.

Jingine ni hofu ya kwamba mtu akitoka kwenye mashine anabaki na mionzi. Nimekuta mama analala chumba cha peke yake, vyombo vyake vimetengwa, mjukuu hamgusi. Mionzi ya nje ni kama taa ya chumbani, ukizima hakuna mwanga unaobaki mwilini mwako. Namuita mjukuu mbele yao wote namkalisha kwenye mapaja ya bibi. Maneno matupu hayatoshi hapo.

Wa kichwa na koo wana shida tofauti kidogo. Wanatengenezewa maski ya plastiki inayolainishwa kwenye maji ya moto na kubanwa usoni mpaka igande na umbo lake, ndo inamshika asicheze. Sasa koo linauma, anashindwa kula, anakonda, wiki ya tatu maski inacheza. Binti mmoja mgeni kabisa kazini alisimamisha kila kitu foleni ikiwa ndefu, akasema dada hii maski leo inapita kidole kati ya shavu na plastiki, jana haikupita. Wenzake wakaguna. Tukamrudisha mgonjwa kwenye sitiskani, ile mashine ya picha inayotumika kupanga tiba, kweli mwili umebadilika, mpango ukachorwa upya. Mbele ya wote nikamshukuru yule binti, kwa sauti, makusudi. Siniya ukimkaripia mtu aliyesimamisha mashine kwa sababu ya wasiwasi, umewafundisha wengine wote wanyamaze, na kimya kwenye chumba cha mionzi ni kitu kibaya sana. Nikirudi upande wa Dodoma kazi yangu kwa wagonjwa wa koo ni uji. Uji wa lishe wenye karanga na maziwa, mlenda laini, na kuwaambia wale hata kama hawataki, na anayewasindikiza namwambia kazi yako Dar siyo kubeba begi, ni kuhakikisha uji unashuka.

Kuna maswali hayaulizwi mpaka mlango ufungwe. Mama akirudi amemaliza yote, anakaa, anazungusha kanga, anaongea habari za mvua, za bei ya mahindi Kibaigwa, mwisho kabisa ameshasimama anashika kitasa ndo anasema, na mambo ya baba watoto je? Huwa simsubirishi afike kwenye kitasa siku hizi. Naanza mimi: mama, njia itakuwa kavu na inaweza kujibana hadi ikaziba, kuna kifaa cha kutanulia utapewa, kitumie hata kama mume yuko safarini, maana hata daktari anahitaji njia ya kukupima, na tendo linawezekana baada ya wiki kadhaa vidonda vikipona, tumia kilainishi. Kama baba amekuja naomba aingie. Wengi wanaume wanajua nusu nusu, wanadhani wataambukizwa saratani, na mwanamke anaachwa huku ametibiwa amepona. Baba mmoja alisikiliza kimyaa, mwisho akasema kumbe ndo hivo, mbona hakuna aliyeniambia. Kweli hakuna aliyemwambia, mume haandikwi kwenye fomu yoyote.

Na nikimuona amekuja na binti yake namuuliza binti kama ana mdogo wake wa kike wa miaka 9 mpaka 14. Chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hii ya shingo ya kizazi, inatolewa nchini tangu 2018 na tangu 2024 ni dozi moja tu. Uvumi kwamba inafunga kizazi bado unazunguka huku, na mtu wa kuuvunja ni huyu mama aliyetoka kwenye mionzi, akiongea yeye kwenye kikoba chao wanamsikiliza kuliko mimi na beji yangu.

Swali la mwisho wanaloniuliza wote, nimepona? Na hapa siniya unatakiwa ujizuie usimpendezeshe mtu. Siku ya kumaliza mionzi siyo siku ya majibu, kazi yake inaendelea mwilini kwa wiki kadhaa, kipimo cha maana kinafanyika kama miezi mitatu baadae. Namwambia rudi tarehe hii, hata kama unajisikia vizuri rudi, hata kama mvua inanyesha. Na naandika namba ya simu ya kaka yake siyo yake tu, maana simu yake itazima chaji au itauzwa.

Vijana wanaoniuliza kuhusu kozi, ndiyo ipo, Muhimbili wanafundisha, fizikia na baiolojia uzikaze, na kama unaikimbilia kwasababu umeona mashine nzuri kwenye picha fikiria tena, utashinda umesimama. Mnauliza pia kama mionzi itawamaliza. Tunavaa beji ya kupimia, Tume ya Nguvu za Atomiki ndo inasimamia mambo hayo, kiwango cha juu cha mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka (milisiveti ndo kipimo cha mionzi inayompata mtu) na mtu anayefuata utaratibu anabaki chini sana ya hapo, watoto ninao na wazima. Kinachoniuma mimi ni mgongo, kwa kuinua wagonjwa kwenye ile meza, kwahiyo jifunzeni kuinua kwa shuka mkiwa wawili na msione aibu kumwita mlinzi awasaidie.